Barua za Wasomaji: Thina, Naftalini na Damu Yetu

Mwezi huu nimechagua barua tatu: ya fundi rangi wa Dar es Salaam, ya bibi wa Mombasa na ya mwanafunzi wa Morogoro. Wote watatu wanataka kujua kitu kinachovutwa puani kinaifanya nini damu. Ya fundi nimeijibu kwa urefu, maana najua wenzake ni wengi na wengi wao hawana pa kuuliza.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi rangi za magari, gereji yetu iko Buguruni, uani, imezungushiwa mabati pande zote. Rangi tunachanganya na thina, bunduki ya kupulizia tunaiosha kwa thina, na jioni mikono tunanawa thina hiyohiyo. Ikiisha tunatumia petroli. Nikimaliza kupuliza gari zima kichwa kinagonga na natembea kama mlevi, ingawa pombe sinywi. Bosi anatununulia maziwa nusu lita kila mtu, anasema yanakata sumu. Juzi nilipima wingi wa damu nikaambiwa ninayo 11.4. Muuzaji wa duka la dawa akasema mvuke wa thina unatoboa seli nyekundu, akaniuzia chupa ya dawa ya kuongeza damu. Je, ni kweli thina inatoboa seli? Na maziwa yanasaidia? Mke wangu ni mjamzito, ananisihi niache kazi. (Fundi, Buguruni)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na maziwa kwa sababu jibu lake ni fupi: hayasaidii. Mvuke unaingia kwa pua na mdomo, unafika mapafuni, na kutoka hapo unavuka kuingia kwenye damu ndani ya muda mfupi sana. Maziwa yanakwenda tumboni. Vitu hivi viwili havikutani njiani. Maziwa ni chakula kizuri, kunywa, tena mpelekee na mkeo. Lakini mwajiri anayetoa maziwa badala ya barakoa hajakukinga na lolote. Habari hii ya maziwa nimeisikia kwa wachomeleaji, kwa wachapaji, kwa wapaka rangi wa nyumba, maneno ni yaleyale, na inaniudhi kwa sababu inampa kijana moyo wa kuendelea kuvuta hewa chafu akiamini jioni ataisafisha.

Sasa tuje kwenye seli. Kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi kwenye meza ya damu katika maabara ya hospitali, kwa hiyo nakueleza kitu nilichokiangalia kwa macho yangu. Seli nyekundu ina umbo la chapati ndogo iliyobonyezwa katikati, upana wake maikromita 7 hadi 8, yaani ukizipanga 130 hivi bega kwa bega unapata milimita 1. Haina kiini. Ikishatoka kwenye uboho wa mifupa haiwezi tena kujitengenezea utando mpya. Ule iliyozaliwa nao ndio itakaozeeka nao. Inazunguka mwilini siku 120 hivi, na muda wote huo inajipenyeza kwenye vimishipa vyembamba kuliko upana wake. Inaweza kupita kwa sababu inajikunja. Utando wake ni tabaka mbili za mafuta, unene wa nanomita chache tu, na chini yake umetandazwa wavu wa protini unaoshikilia umbo. Utando ukikakamaa, seli ikifika kwenye wengu inakwama, na wengu inaivunja.

Tena hilo la tabaka mbili za mafuta tulilijua kwa msaada wa kitu kilichomo kwenye debe lako. Mwaka 1925, mjini Leiden, Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel walichukua damu ya binadamu na ya wanyama kadhaa, wakayatoa mafuta ya seli nyekundu kwa asetoni, wakayatandaza juu ya maji na kupima yamefunika eneo gani. Yalifunika kama mara mbili ya eneo la nje la seli zenyewe. Wakasema basi, utando huu una tabaka mbili. Asetoni hiyo ndiyo inayotumika kufutia rangi ya kucha, na imo kwenye thina nyingi. Kwa hiyo muuzaji wako wa dawa hakuokota maneno hewani. Kiyeyusho kikigusana na seli moja kwa moja, kinaimaliza. Tukiwa maabara, ukitia etha, kiyeyusho kilichotumika zamani kama dawa ya usingizi, kwenye kichupa cha damu na kukitikisa, damu inabadilika mbele ya macho yako. Mwanzo ni nzito, ukiweka kipande cha gazeti nyuma ya kichupa huoni hata herufi moja. Baada ya muda mfupi inakuwa nyekundu angavu na unasoma gazeti kupitia humo. Seli zimepasuka, himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, imemwagika.

Lakini hiyo ni etha iliyomiminwa kwenye kichupa. Wewe unavuta mvuke, na kiasi ndicho kinachoamua kila kitu hapa. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, Philip Seeman wa Kanada alichunguza jambo hili kwa makini. Ukiweka seli nyekundu kwenye maji yenye chumvi ya asilimia 0.9, zinakaa salama. Ukiipunguza chumvi, maji yanaingia ndani ya seli, inavimba, na ikifika karibu asilimia 0.45 za kwanza zinaanza kupasuka. Kwenye asilimia 0.3 hivi zimekwisha karibu zote. Seeman alikuta kwamba ukiongeza kiasi kidogo cha dawa ya usingizi au kiyeyusho kingine kinachopenda mafuta, seli zinastahimili zaidi, hazipasuki upesi. Kile kitu kimejipenyeza katikati ya mafuta ya utando na kuutanua kidogo. Ukizidisha kiasi, mambo yanageuka: utando unaachia na seli zinapasuka.

Cha kukumbuka ni hiki. Kiasi kile kidogo, kinachoutanua utando bila kuupasua, ndicho kinachomlaza binadamu usingizi wa upasuaji. Kiasi cha kupasua ni kikubwa kuliko hicho mara kadhaa. Maana yake, ili mvuke wa thina utoboe seli zako zikiwa mishipani, ungekuwa umezimia na pumzi imekatika kabla. Kwa hiyo kwa swali lako, jibu ni hapana. Thina ya gereji haitoboi seli nyekundu. Inaingia kwenye utando wake, na ukitoka kwenye hewa safi sehemu kubwa inatoka tena kwa pumzi, nyingine ini linaibadilisha na inatoka kwa mkojo.

Usipumue kwa raha bado. Mafuta ya mwilini hayako kwenye seli nyekundu peke yake. Ubongo umejaa mafuta, na mvuke uliopita kwenye damu unaishia huko. Tangu Hans Horst Meyer mwaka 1899 na Charles Ernest Overton mwaka 1901 tunajua kwamba kadiri kitu kinavyoyeyuka vizuri kwenye mafuta ya zeituni, ndivyo kinavyolaza kwa nguvu. Ule ulevi wako wa jioni bila pombe ni ganzi ya ubongo, na ndio unaonitia hofu kuliko hiyo 11.4. Toluini, ambayo ni sehemu kubwa ya thina nyingi, ikivutwa kwa wingi kwa miaka huharibu sehemu nyeupe ya ubongo, mtu anaanza kusahau, mikono inatetemeka, mwendo unapotea. Vijana wanaovuta gundi mitaani wanatuonyesha mwisho wa njia hiyo. Wewe uko mwanzo wake, na bado unaweza kugeuka.

Kuna watafiti waliopima damu za watu wa kazi yako na kukuta mafuta ya utando wa seli nyekundu yameanza kuoksidika, kama mafuta ya kupikia yanavyochacha. Seli haina uwezo mkubwa wa kujitengeneza upya, kwa hiyo inaweza kuibeba alama hiyo. Mimi nalichukulia hilo kama ushahidi kwamba mvuke umefika ndani. Kusema ndilo lililoishusha damu yako mpaka 11.4, hapana.

Vitu vinavyoidhuru damu ya fundi vipo, navyo vina majina. Cha kwanza ni benzeni. Hii haihangaiki na seli iliyokwishazaliwa. Inakwenda kuua kiwanda. Ini linaibadilisha kuwa vitu vingine, vitu hivyo vinafika kwenye uboho na kuunguza seli mama za damu. Mwaka 1897 Santesson aliandika kuhusu wasichana wa kiwanda cha matairi ya baiskeli huko Uppsala, Sweden, ambao uboho wao ulikauka kwa sababu ya benzeni. Mwaka 1974 Muzaffer Aksoy na wenzake wa Istanbul walichapisha habari za mafundi viatu 26 waliopata saratani ya damu au dalili zake za mwanzo, watu waliokuwa wakishinda vyumbani na gundi yenye benzeni. Thina nzuri ya siku hizi haitakiwi kuwa na benzeni, lakini thina ya kupima kwenye chupa ya maji, isiyo na lebo, nani anajua imechanganywa na nini? Na petroli, mwanangu, ina benzeni ndani yake. Acha kunawa petroli. Leo hii, si kesho.

Cha pili ni ile dawa ya kubandua rangi kuukuu, kama huwa mnaitumia. Nyingi zilitengenezwa kwa kitu kiitwacho diklorometheni. Mwaka 1972 Richard Stewart na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba mwili unaigeuza kuwa kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Seli nyekundu inabaki nzima kabisa, ila himoglobini imekaliwa na haibebi oksijeni. Ubaya wake ni kwamba hata ukitoka nje, mwili unaendelea kuitengeneza gesi hiyo kwa saa kadhaa.

Cha tatu ni risasi, ambayo haiko kwenye thina bali kwenye vumbi la rangi za zamani unapopiga msasa. Inavuruga utengenezaji wa himoglobini. Kwenye kioo cha maabara tulikuwa tunaona seli zenye nukta nyingi za buluu, tukajua pa kuuliza.

Baada ya kusema hayo yote, ukweli ni kwamba kwa mwanamume wa Dar es Salaam mwenye damu 11.4, chanzo mara nyingi ni cha kawaida zaidi: malaria, minyoo ya safura, au damu inayovuja tumboni polepole. Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya gramu 13 za himoglobini kwa desilita ya damu kwa mwanamume kuwa ni upungufu, kwa hiyo unao kweli na usiupuuze. Hukuniambia kichwa kinachogonga unakituliza na nini. Kama kila jioni unameza diklofenaki ya dukani, anza hapo, maana dawa hiyo huchubua tumbo na watu wanapoteza damu bila kujua.

Chupa uliyouziwa haina sumu. Tatizo lake ni kwamba kama una upungufu wa madini ya chuma itapandisha namba na kuficha sababu, na kama tatizo liko kwenye uboho haitafanya lolote huku wewe unasubiri. Nenda kwenye kituo chenye maabara, usiombe wingi wa damu tu. Omba picha kamili ya damu, waangalie na seli kwenye kioo kwa hadubini. Seli zikiwa ndogo na pauka, mara nyingi ni upungufu wa chuma. Zikiwa za kawaida lakini seli nyeupe na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nazo zimeshuka, hapo benzeni inaingia kwenye mazungumzo na daktari lazima aambiwe kazi yako. Zikionekana seli changa nyingi, macho yana umanjano na mkojo umekuwa kahawia iliyokoza, basi seli zinavunjwa kwa kweli na kuna jambo la kutafuta. Waambie kwa sauti: mimi ni fundi rangi. Wengi hawaulizi.

Kuhusu mkeo, ana haki ya kuogopa, ila sidhani dawa ni kuacha kazi bila ya kuwa na nyingine. Badilisha gereji kwanza. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatuama chini, na mabati yenu yanautega humo. Ondoeni mabati ya chini pande mbili zinazotazamana ili upepo wa asubuhi upite, na mpuliziaji asimame upepo ukiwa mgongoni. Debe lifunikwe kila baada ya kumimina. Nimeona gereji ambako debe linakaa wazi tangu asubuhi hadi jioni, na humo nako unatoka mvuke mwingi. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo. Inayotakiwa ni ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa pembeni, na ukianza kusikia harufu ukiwa umeivaa, kichujio kimejaa, badilisha. Kwa rangi za kuchanganya na hadena, yaani dawa ya kukausha na kukaza rangi, hata hiyo haitoshi, kwa sababu hadena ina kemikali zinazoanzisha pumu. Hizo zinahitaji hewa safi ya bomba. Mikono pakaa mafuta ya kula kwanza, sugua, halafu sabuni na maji. Nguo za kazi zibaki kazini au zifuliwe peke yake, mkeo asizikung'ute, hasa siku za msasa, kwa ajili ya ile risasi.

Na mwambie bosi wako kwa adabu kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka yeye atoe vifaa vya kinga na apeleke wafanyakazi kupimwa afya. Akigoma, ofisi za OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, zipo, na mtu anaweza kwenda bila kupiga kelele.

SWALI: Assalaam alaykum dada. Mwanangu alijifungua mwana wa kiume hapa Mombasa. Nilimtolea leso na mashuka niliyokuwa nimeyahifadhi sandukuni na naftalini, ili yasiliwe na nondo. Siku ya tano mtoto akawa manjano sana, hanyonyi, analala tu. Hospitali wakamweka kwenye taa, wakamwongeza damu, alhamdulillahi yu mzima. Daktari akauliza kama tulitumia naftalini, akasema mtoto ana upungufu wa G6PD. Mimi sikumlisha naftalini, wala hakuigusa. Harufu tu inawezaje kuvunja damu? Nimejaa lawama. (Bibi, Mji wa Kale)

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Kwanza ondoa lawama. Leso za mjukuu kutunzwa sandukuni ni mapenzi, na hakuna aliyekwambia. Nafurahi mliwahi hospitali. Umanjano ukiachwa upande kwa mtoto mchanga unaingia ubongoni na hautoki.

Harufu ni kitu chenyewe kikiwa angani. Naftalini ni yabisi isiyohitaji kuyeyuka. Inatoka moja kwa moja kuwa mvuke, ndiyo maana vidonge vinapungua sandukuni mpaka vinaisha. Mvuke huo unanasa kwenye kitambaa. Mtoto akifunikwa anauvuta usiku kucha, na mwingine unapita kwenye ngozi, hasa ngozi iliyopakwa mafuta, kwa kuwa naftalini inayeyuka vizuri kwenye mafuta. Nasi watu wa pwani mtoto hatumwachi bila mafuta ya nazi.

Tofauti na thina ya fundi wa Buguruni ni kwamba naftalini haitanui utando. Ini linaigeuza kuwa vitu vyenye tabia ya kuoksidisha, na seli nyekundu inatakiwa ijikinge. Kimeng'enya cha G6PD ndicho kinachoipa seli kinga hiyo. Seli isiyo nacho cha kutosha inashindwa, himoglobini yake inaharibika na kuganda kuwa vidonge vidogo vinavyonata upande wa ndani wa utando. Nimeviona mara nyingi: ukitia damu rangi maalum ya zambarau, vinajitokeza ukingoni mwa seli, vyeusi vyeusi. Mahali hapo utando unakakamaa. Seli ikipita kwenye wengu, wengu inajaribu kung'oa kile kidonge, na inang'oa pamoja na kipande cha utando. Kwenye kioo unaona seli iliyomegwa pembeni, na alama ya kumegwa iko wazi kabisa. Hizo hazikai, zinavunjika, na kile kinachobaki baada ya himoglobini kuvunjwa ndio umanjano uliouona. Kwa kawaida jambo hili linajitokeza siku 1 hadi 3 baada ya kuvuta.

Upungufu huu ni wa kurithi, unapita kwa mama na kuwashika zaidi wavulana, na ni wa kawaida mahali palipoishi malaria kwa vizazi vingi, kama pwani yetu. Mjukuu atakua na kucheza kama wengine. Ila kila akipelekwa hospitali semeni ana upungufu wa G6PD, kwa sababu kuna dawa, zikiwemo primakwini ya malaria na dapsoni, ambazo daktari atataka kujua kabla ya kuandika. Ombeni apimwe tena baada ya miezi 3 hivi. Seli changa zinazozaliwa baada ya nyingi kuvunjika huwa na kimeng'enya kingi kuliko kawaida, na damu aliyoongezewa ni ya mtu mwingine, kwa hiyo kipimo cha siku zile kinaweza kudanganya. Wajomba zake na ndugu zake wa kiume nao wapimwe.

Naftalini itoke nyumbani. Leso zote, mashuka, koti la mzee, zitolewe nje zipigwe jua na upepo, halafu zifuliwe, kabla hazijamkaribia mtoto. Kuna vidonge vyeupe vya aina mbili au tatu sokoni na vyote vinafanana. Ukitaka kuvitambua, korogea vijiko 3 vya kula vilivyojaa chumvi kwenye nusu kikombe cha maji ya vuguvugu mpaka yasikubali tena. Kinachoelea kwenye maji matupu ni kafuri. Kinachozama kwenye maji matupu na kuelea kwenye maji ya chumvi ni naftalini. Kinachozama kotekote ni paradiklorobenzini. Usidhani kafuri ndiyo salama ukaiweka kwenye nguo za mtoto. Akiimeza inamletea degedege. Nguo ya mtoto haihitaji dawa yoyote ya wadudu. Ioshe, ikaushe juani, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa.

SWALI: Shikamoo bibi. Nasoma kidato cha 5, mchepuo wa fizikia, kemia na biolojia. Nimesoma kwamba kiyeyusho kimoja kilichomo kwenye sabuni za kusafishia vioo kinapasua seli nyekundu za panya wakikivuta. Je, na zetu? Na tunaweza kufanya jaribio gani shuleni kuhusu utando wa seli nyekundu? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Kiyeyusho hicho ni butoksiethanoli. Panya akikivuta, ini lake linakigeuza kuwa asidi ya butoksiasetiki, na ni asidi hiyo inayofanya kazi: seli inavimba, inapoteza ulaini, inatoka kwenye umbo la sahani na kuwa duara, kisha inapasuka. Zinazotangulia kupasuka ni zile zilizozeeka. Seli za binadamu zinaistahimili asidi hiyo kwa kiasi kikubwa mara nyingi zaidi. Watafiti walijaribu hata damu za wazee, za wagonjwa wa selimundu na za watu wenye seli duara za kurithi, kwenye vichupa vya maabara, na hazikupasuka kama za panya. Mtu akikinywa kwa wingi ni habari nyingine, anapata asidi kali kwenye damu na anaweza kufa. Nataka ulichukue hili kwa uzito katika masomo yako: ukisoma matokeo ya panya, uliza kwanza kama seli ya panya na yetu zinafanana kwa jambo hilohilo linalopimwa.

Jaribio lipo, na halihitaji kiyeyusho chochote. Nawaomba msijaribu thina darasani, sababu umeisoma kwenye jibu la kwanza. Pateni damu ya mbuzi machinjioni, iingie moja kwa moja kwenye chupa yenye sodiamu sitreti ili isigande. Andaeni vichupa vya maji ya chumvi kuanzia asilimia 0.9, mkishuka kwa 0.1 mpaka 0.1, kila kimoja mililita 5. Tieni tone moja la damu kila kichupa, geuzeni taratibu bila kutikisa, subirini nusu saa. Wekeni maandishi ya gazeti nyuma ya kila kichupa na andikeni ni wapi mnaanza kusoma herufi. Vaeni glavu, na damu iliyobaki itiwe jiki kabla ya kumwagwa.

Seli za mbuzi ni ndogo sana, karibu nusu ya upana wa zetu, na zinapasuka mapema, kwenye chumvi ambayo ingezihifadhi seli za binadamu bila shida. Mkipata na damu ya ng'ombe siku hiyohiyo, ziwekeni sambamba na mchore mistari miwili kwenye karatasi moja ya grafu. Mwalimu wenu akikubali, nitumieni grafu hiyo kupitia gazeti, nami nitawaambia nionavyo.